Mzazi Hula Kwanza

Jumatatu, 30 Juni 2025

Wamefika saa tano. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, amezaliwa Jumamosi. Ukungu ulikuwa mzito hata gari la mwanangu Ezra lilikuja na taa zimewashwa. Nilisimama mlangoni tangu saa nne ili mtu yeyote wa ukoo asinitangulie. Nikampokea kwa mikono yangu miwili. Hakulia.

Jina lake ni Elifuraha. Langu. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Sikuomba, ni haki.

Kwetu Machame mzazi, mwanamke aliyejifungua uzao wa kwanza, hutunzwa na mama mkwe wake kwa miezi mitatu. Hatoki nje, hafui, hashiki jembe. Kazi yake ni kula na kunyonyesha. Mama mkwe wangu alinitunza hivyo mwaka 1989 nilipomzaa Ezra. Niliingia ndani mwembamba kama fito, nikatoka nimejaa mlango. Tangu siku ile nasubiri zamu yangu. Miaka thelathini na sita! Ezra ni mwanangu wa pekee na alichelewa kuoa.

Kila kitu kipo. Mikungu mitatu ya ndizi mshare imening'inia darini, kuni za mibuni zimekauka, ng'ombe mmoja anakamuliwa. Kindness, mke wa Ezra, amelazwa chumba cha karibu na jiko ili apate joto.

Kichupa cha insulini kimo kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya kopo la majarini. Kimekaa humo tangu Februari. Daktari alisema vidonge vimefika mwisho wa nguvu zake. Sasa ni sindano, asubuhi na jioni, maisha. Alilitamka neno "maisha" kama mtu anayetaja siku ya gulio. Ezra anadhani bado nameza vidonge vyangu vya miaka tisa.

Mgonjwa hamtunzi mzazi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna haja ya kuambiwa.

Jumatano, 2 Julai

Mama yake Kindness amekuja kumwona mtoto. Anaitwa Victoria. Anatoka Kahe, huko chini kwenye joto na mifereji ya mpunga. Amepanda kilima kutoka barabara ya lami na nusu gunia la mchele kichwani! Mkononi kuku wawili, miguu juu vichwa chini. Ana miaka sabini na moja. Mimi sitini na saba. Nikamwamkia shikamoo, maana umri ni umri.

"Marahaba, Mwalimu. Mbona umekonda? Au huku mlimani chakula mnakitazama tu?"

Kindness alicheka hadi akashika tumbo. Nikacheka nami, kidogo.

Chai. Ametia vijiko vinne vya sukari. Nilihesabu. Akakoroga taratibu, kijiko kikigonga kikombe, kisha akanywa kwa sauti na kufumba macho. Aliniuliza kwa nini mimi nakunywa kavu. Nilisema sukari siipendi. Uongo. Hakuna mtu aliyewahi kuipenda sukari katika nyumba hii kama mimi.

Nimemtazama akiinuka kitini. Hakushika meza. Hakushika goti. Aliinuka tu, kama msichana aliyeitwa.

Kwa desturi mama wa mke huja, huona, huacha zawadi, huaga. Siku mbili. Tatu zikizidi.

Ijumaa, 4 Julai

Bado yupo.

Mchana mtoto alilia sana. Nilimchukua nikatembea naye ukumbini. Nyayo zangu siku hizi ni kama zimevaa soksi nene. Sakafu naijua kwa macho, si kwa mguu. Nikaogopa. Nikakaa. Mtoto akazidi kulia. Mama Kindness akaja akifuta mikono kwenye khanga, akasema hebu. Akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, akawa anampigapiga mgongoni na kuimba kitu cha kwao, maneno matatu yanayorudiwarudiwa. Dakika mbili — kimya.

Jina nimempa mimi. Usingizi anampa yeye.

Nina wivu. Nimelitafuta neno lingine lenye heshima zaidi. Halipo. Namwonea wivu mapaja yake, magoti yake, vijiko vyake vinne. Wivu wa msichana wa bweni, katika umri huu! Lakini daftari hili si mahali pa uongo. Uongo nautumia kwingineko.

Jumapili, 6 Julai

Nilikwenda ibada ya kwanza. Mahubiri marefu. Niliporudi moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Ndizi zimeshamenywa, nyama imeshaiva, anasaga mtori kwa mwiko wangu.

"Nimeona unachoka, Mwalimu, nikasema niwahi."

Nilivua viatu vya kanisani polepole ili nisiseme jambo. Kisha nilimweleza utaratibu. Chakula cha mzazi hakionjwi. Mzazi hula kwanza, na mpaka ashibe hakuna mtu wa nyumba hii anayetia kitu kinywani. Mama mkwe wangu alikuwa akinipa bakuli anasimama pembeni na njaa yake mpaka nimalize. Ndivyo mzazi anavyojua kwamba anathaminiwa.

Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu: "Sisi Kahe tunakula wote. Njaa haina foleni, Mwalimu." Akalamba mwiko!

Kindness alikula bakuli mbili. Mtori wangu huubakiza kila siku, kidogo tu, chini ya bakuli, kwa adabu. Leo alikwangua. "Mama, wa leo mtamu kweli!" Aliniambia mimi, kama vile habari hiyo ingenifurahisha.

Nilionja baadaye, peke yangu. Ni mtamu. Ameongeza siagi.

Alhamisi, 10 Julai

Kliniki, Moshi mjini. Nimewaambia nyumbani kwamba nakwenda kufuatilia pensheni.

Muuguzi ni Gladness, nilimfundisha darasa la sita. Niliwahi kumchapa fimbo mbili kwa sababu ya uongo: alisema daftari limeliwa na mbuzi. Sasa ni mama mtu mzima, ana miwani.

Shikamoo Mwalimu, kaa hapa. Sukari imecheza sana, anasema, juu, chini, juu. Je, baada ya sindano nakula baada ya muda gani? Nikasema nusu saa, kama nilivyoelekezwa. Akaandika. Mwalimu aliyechapa watoto kwa uongo, anadanganya bila kupepesa!

Ukweli: najidunga saa moja kasoro. Kisha namenya, napika, nasubiri Kindness aamke, nampa, nasubiri ashibe. Nakula saa tatu, siku nyingine saa tatu na nusu. Nitafanyaje? Kumwamsha mzazi ni mwiko. Kula kabla yake ni mwiko. Na kama nikichelewesha sindano, watakuwa wameamka wote na wataniona.

Alinipima miguu kwa kijiuzi kigumu, mimi nimefumba macho. "Unahisi hapa, Mwalimu?" Nikasema nahisi. Alikuwa hajagusa bado.

Akavua miwani. Akauliza nyumbani nani anajua. Nikajibu wote.

"Haya, Mwalimu," akasema. Nami nilikuwa naisema hivyohivyo, "haya", kabla ya kuchukua fimbo. Yeye hakuchukua. Alinipa pipi tatu, akaniambia niziweke mfukoni siku zote.

Foleni nje ilikuwa na vijana pia. Binti mmoja, labda miaka kumi na minane, alijidunga hadharani huku akiongea na simu. Nilimtazama mpaka nikaona haya. Hata yeye nilimwonea wivu. Hana mtu wa kumficha jambo.

Jumanne, 15 Julai

Nimefanya jambo baya.

Akina mama wa jumuiya walikuja kumwona mtoto. Wanane. Walileta sabuni, khanga, pakiti za sukari, ndoo ya maziwa ya mgando. Tukaimba, tukaomba, mambo yakaenda kwa utaratibu. Nilikuwa nimeketi katikati na mtoto mapajani, na kila aliyeingia alisema mtoto amefanana nami. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: kwa saa nzima nilikuwa na furaha.

Kisha Mama Kindness, amebeba sinia la vikombe, akasimama. "Mama Ezra! Mguu wako unatoka damu!"

Wote wanane wakatazama chini. Kulikuwa na alama za damu sakafuni kutoka jikoni hadi kwenye kiti changu. Asubuhi nilikanyaga kaa la moto na sikujua. Ngozi ya unyayo ilikuwa imefunguka na sikuhisi lolote. Mmoja akasema maskini. Mwingine akamchukua mtoto mapajani kwangu, kwa upole, kama mtu anavyomwondolea mlevi glasi.

Mama Kindness alikuwa ameshapiga goti na kitambaa cha maji. Nikauvuta mguu.

Nikasema — naiandika yote — "Mama Kindness, kwetu mgeni akishaona mtoto huaga. Au huko Kahe hakuna anayekungoja?"

Alifiwa na mumewe mwaka juzi. Nilikwenda kuzika. Nilijua nilichokuwa nasema.

Mama Kindness akafuta damu sakafuni, alama moja moja, mpaka jikoni. Akakamua kitambaa. Halafu akasema, sauti ya kawaida kabisa: "Kweli, Mwalimu. Hakuna anayeningoja."

Akaenda kukunja nguo zake.

Jumatano, 16 Julai

Ameondoka saa moja asubuhi. Alizungumza na Kindness chumbani kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Kindness ana macho mekundu.

Ezra hakunisemesha chai nzima. Kesho anawaongoza wageni wa kitalii kupanda Kilimanjaro, siku saba.

Kigoda changu. Mwiko wangu. Mjukuu wangu. Nyumba ni yangu!

Jumamosi, 19 Julai

Kazi: kumenya, kupika mara tatu, kumwogesha mtoto, kumkanda Kindness kwa maji ya moto, nepi, majani ya ng'ombe, kuni. Martin, mtoto wa shemeji yangu, ananikamulia jioni akimaliza kazi yake ya bodaboda. Mengine yote ni mimi.

Na ninaweza! Nataka iandikwe mahali kwamba ninaweza.

Kindness anakula. Anabakiza kidogo chini ya bakuli.

Leo asubuhi mikono ilitetemeka nikisaga mtori. Jasho, na nje baridi ya Julai! Ilikuwa saa mbili na nusu, Kindness bado amelala. Nilimeza pipi moja nyuma ya mlango wa jiko, kama mwizi wa mitihani. Nikakaa. Ikapita. Zimebaki mbili.

Najiuliza Mama Kindness asubuhi hii anafanya nini. Pengine yuko shambani, ameinama kwenye matuta ya vitunguu tangu alfajiri, na mgongo wake wa chuma. Simkumbuki kwa wema. Namkumbuka tu.

Jumatatu, 21 Julai

Mtoto ni mzima. Mkono hauandiki vizuri. Kesho.

Jumanne, 22 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Jana nilijidunga saa moja kasoro robo. Mtori ulikuwa tayari saa mbili. Kindness alikuwa amelala. Mtoto alimsumbua usiku kucha. Saa mbili na nusu bado. Nilikuwa natoka jasho, nikadhani ni moto wa kuni. Nilizikumbuka zile pipi mbili. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti, koti liko msumarini, hatua nne. Nakumbuka nilifikiri waziwazi kabisa: mzazi hajala. Nikainua sufuria nimpelekee yeye kwanza.

Nakumbuka kizingiti. Basi.

Mengine nimeelezwa na Kindness. Kwamba niliingia na sufuria nikisema maneno yasiyoungana, nusu Kichagga, nusu sijui nini. Mimi! Miaka thelathini na minne ubaoni! Kwamba alinijibu nikamtazama kama simjui. Kwamba nilianguka upande, na mtori ukamwagika juu ya godoro alilolala mtoto.

Nilimuuliza umbali gani kutoka kichwani. Alitandaza vidole: shubiri moja.

Mtori unatoka jikoni unachemka. Unashika kwenye ngozi kama gundi. Nimekuwa nikitazama kiganja changu tangu jana, kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Alimvuta mtoto. Kisha akachukua pakiti ya sukari, moja ya zile za akina mama wa jumuiya, akairarua kwa meno na kunisugulia sukari ndani ya shavu, kidogo kidogo, hadi nikafumbua macho. Kisha akatoka uani, pekupeku, kwenye ukungu, siku ya ishirini na tatu tangu ajifungue, akimwita Martin. Mzazi wangu! Nilimfungia ndani nimtunze, akatoka nje kwa ajili yangu.

Nilimuuliza alijuaje kwamba ni sukari.

Alitazama mtoto, si mimi. "Mama aliniambia kabla hajaondoka. Alikuwa anatafuta siagi kwenye friji, akafungua kopo la majarini."

Siku ya mtori. Jumapili ya tarehe sita! Alijua tangu siku hiyo.

"Akasema mama mkwe wako anajidunga na hataki tujue, kwa hiyo tusijue. Lakini ukimwona anatoka jasho wakati wa baridi, mpe sukari, usiulize."

Alijua nilipokuwa nampa somo la utaratibu. Alijua siku ya akina mama wa jumuiya. Angeweza kunijibu mbele ya wanane wale. Alikuwa nalo jibu, lilikuwa kwenye friji. Akafuta damu yangu sakafuni na kunyamaza.

Hata katika hili amenizidi. Naandika hivyo na naona kwamba bado ni wivu. Sijui kitu hiki kina mizizi mingapi.

Alhamisi, 24 Julai

Ezra ameshuka. Pua imebabuka kwa jua la juu, nguo zinanuka moshi na jasho. Kindness alikuwa ameshamweleza. Aliingia jikoni, akafungua friji, akatoa kopo la majarini, akaliweka mezani katikati yetu.

"Mama, tangu lini?"

"Februari."

Akazungumza polepole, nadhani anavyozungumza na wageni wake. Alisema kule juu huwapima wageni wote kila siku, na haogopi mgeni anayeumwa. Anayeumwa na kusema, anapewa maji, anapumzishwa, anaendelea, au anashushwa mapema akiwa anatembea kwa miguu yake. "Ninayemwogopa ni yule anayesema yuko sawa, Mama. Huyo ndiye tunayemshusha kwenye machela."

Nilimwambia mimi si mgeni.

"Ndiyo maana sikukupima," akasema. Akatoka nje kunawa uso. Alinawa kwa muda mrefu.

Aliporudi alitaka kumtafuta msichana wa kazi. Nikakataa. Mtunza mzazi haajiriwi. Nikachukua kisu nikaenda mwenyewe hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale, refu, lisilo na doa. Nikalifunga fundo kama baba yangu alivyokuwa akilifunga. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama ulimwaga damu. Katika maisha yangu sijawahi kulipeleka. Nililetewa mara mbili. Ni rahisi zaidi kuletewa.

Nikampa Martin alipeleke Kahe. Nikamwambia asiongeze neno.

"Na akiniuliza ni la nini, mama mdogo?"

"Hatakuuliza."

Alirudi saa kumi na moja. Nilikuwa nimesimama getini, na bandeji mguuni, nikijifanya nakagua kahawa. Amesemaje? Martin akajikuna. "Hajasema kitu. Amelitia kwenye kikombe cha maji. Akanipa wali na samaki. Wali wao mtamu, mama mdogo, usipime!"

Sijui kama Wakahe wanalishika isale kama sisi. Pengine kwake ni jani tu, la kupamba meza.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikuwa nimeandaa maneno. Sentensi nne, nimezipanga tangu alfajiri, hazina kosa.

Alitokea saa sita, gunia kichwani, jani limechomekwa kwenye fundo la kilemba. Lilikuwa limenyauka, njano pembeni.

"Mwalimu! Jani lako limekunywa maji yangu siku mbili, sasa limechoka. Nimelirudisha kwao."

Sentensi zote nne zilinitoka kichwani. Nilisema, "Shikamoo. Karibu." Basi, hayo tu.

"Marahaba. Mguu unaendeleaje? Hebu niuone."

Nikakaa kwenye kiti cha uani. Nikautoa mguu. Alipiga goti, akafungua bandeji, akanusa kidonda, kweli kabisa alinusa, akasema hakijaoza. Sikuhisi vidole vyake. Niliona tu vinapita, vyeusi, vina ufa kama udongo wa mpunga uliokauka. Nilitamani kuvihisi. Hilo nililitamani sana, ghafla.

"Nilikukosea," nikasema.

"Ulinikosea. Jani limeshasema." Kisha akainua kichwa. "Lakini hukudanganya, Mwalimu. Kahe hakuna anayeningoja. Ndiyo maana sikuwa naaga."

Mtoto alisikia sauti yake kutoka ndani, akaacha kulia. Naapa, aliacha kulia! Na mimi, mguu wangu mikononi mwa mwanamke huyu, isale kichwani mwake, msamaha haujapoa — nikahisi wivu uleule, mbichi, kama haujaguswa.

Chai. Vijiko vinne. Nimehesabu.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi. Naandika mezani, jikoni, jambo ambalo silifanyi kamwe.

Nimejidunga saa moja kamili. Sikufunga mlango. Mama Kindness alikuwa anapuliza moto. Aliuliza kwa sauti ya gulioni, "Umeshadunga, Mwalimu?" Nadhani hata ng'ombe alisikia. Nikasema nimeshadunga.

Jana tulikwenda mimi na yeye kwa Gladness, nyumbani kwake, baada ya ibada. Nilimwambia ukweli: saa za kula, kijiuzi, yote. Gladness alicheka akafuta macho. Akasema, Mwalimu, mbuzi gani huyu amekula daftari? Kisha akachora kwenye karatasi ukubwa wa kibakuli changu. Mama Kindness akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Sasa ameleta kibakuli chenyewe. Kina mtori. Amekiweka mbele yangu, kijiko upande wa kushoto. Mimi huweka kijiko kushoto. Aliona lini?

"Kula."

Nimemwambia mzazi hajala.

"Mzazi amekataa. Anasema hali mpaka wewe ule."

Haiwezekani. Hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyekula kabla ya mzazi wake. Nikifanya hivyo leo, mbele yake, kwa mtori wake — nimekubali kwamba mimi si mtunzaji. Kwamba katika nyumba hii kuna wawili wa kutunzwa.

Kindness anaita kupitia ukutani. "Mama! Nina njaa mimi!"

Naandika ili nisile. Saa ya ukutani: saa moja na dakika ishirini na mbili.

Mama Kindness amekaa kwenye kigoda changu na mtoto mapajani, anampigapiga mgongoni, maneno yale matatu. Hanitazami. Anajua kutotazama, hilo nalo analiweza. Kama angenibembeleza ningekataa, na angekuwa na kosa.

Mvuke unapungua. Unanukia vizuri. Siagi nyingi.

"Mama! Maziwa yatakauka, wewe ndiye utakayemwambia Elifuraha!"

Ametaja jina. Sijui ni yupi kati yetu — mtoto amegeuza kichwa, nami nimegeuza.

Saa moja na dakika ishirini na nane. Mikono bado haitetemeki. Leo sitaki kungoja mpaka itetemeke. Shubiri moja.

Kijiko nimekishika. Nimekishika kwa kushoto, maana kulia kuna kalamu, na kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo